Kilo 5 za Kwanza Ndizo za Bei Nafuu

Chukua mama wa miaka 58, urefu mita 1.60, uzito kilo 86. Sote tunamfahamu. Yuko kwenye kikoba, yuko kwaya, ana genge Igoma au anauza vitenge Makoroboi, na presha imeanza kumchungulia. Akienda kliniki, bango la ukutani linamwambia kwamba kwa urefu wake uzito mzuri unaishia kilo 64. Kwa hiyo apunguze kilo 22. Anashukuru, anachukua kadi yake, anarudi nyumbani na kupika kama alivyopika jana. Nani ataanza safari ya kilo 22 siku ya Jumanne, wajukuu wanne wakisubiri chakula?

Bango halijakosea kwenye hesabu. Shida ni kwamba linamuuzia mama kitu kikubwa kuliko anachohitaji, tena bila kumtajia bei. Lengo la uzito lina gharama zake: fedha, muda, na sehemu ya mwili wenyewe unayoitoa ili kulifikia. Na lina kitu linachokupa. Ukiyaweka hayo pamoja kwa mtu aliyepita hamsini, hapa Mwanza, utaona kilo chache za mwanzo ndizo zinazolipa sana kwa gharama ndogo. Zinazofuata hupanda bei haraka. Na zile za mwisho, hasa baada ya miaka 65, mara nyingi hazifai kununuliwa kabisa.

Tuanze na bango. Hesabu yake ni BMI: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Aliyeianzisha ni Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani katika jamii. Hakuwa na mgonjwa mbele yake. Ancel Keys wa Marekani ndiye aliyeipa jina tunalolitumia leo, mwaka 1972. Shirika la Afya Duniani limeweka uzito wa kawaida kati ya 18.5 na 24.9, kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mistari hiyo ni ileile kwa mwanafunzi wa miaka 25 pale chuo cha SAUT na kwa bibi yake wa miaka 75 kule Ukerewe.

Sasa tazama yaliyoonekana kwa watu wazima wenyewe. Mwaka 2014 watafiti waliunganisha tafiti 32 zenye watu 197,940 wa miaka 65 na kuendelea, wakaangalia nani aliishi na nani alifariki. Waliokuwa na hatari ndogo zaidi walikuwa na BMI ya kati ya 27 na 28 hivi, yaani watu ambao bango linawaita wazito. Hatari ilianza kupanda kwa walioshuka chini ya 23. Upande wa juu ikapanda kwa waliovuka 33. Sehemu ya sababu ni kwamba ugonjwa humkondesha mtu kabla haujamuua, kwa hiyo usinielewe kwamba mafuta ni dawa. Lakini mzee mwenye akiba kidogo mwilini huvumilia vizuri zaidi nimonia, upasuaji au wiki tatu za kukosa hamu ya kula.

Kuna jambo jingine dogo ambalo halisemwi kliniki. Baada ya miaka 40 mtu hupungua urefu, kama sentimeta moja kila miaka kumi, na huzidi uzeeni. Aliyekuwa na mita 1.63 kwenye cheti cha zamani leo ana 1.60. BMI yake imepanda bila kuongeza hata gramu. Kwa hiyo kabla ya kukubali hukumu yoyote, mwombe muuguzi akupime urefu upya.

Kipimo ninachokiweka mbele ya mzani hakigharimu kitu. Chukua kamba, ipime kutoka kisiginoni mpaka utosini, ikate. Ikunje katikati. Hiyo nusu izungushe tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umepumua kawaida bila kulivuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno chako ni kidogo kuliko nusu ya urefu wako. Zisipokutana, tumbo limezidi, hata kama mikono na miguu ni myembamba. Taasisi ya NICE ya Uingereza iliupitisha ushauri huo mwaka 2022 kwa watu wazima wenye BMI chini ya 35. Mwenye futi ya fundi cherehani atumie vipimo vya Shirika la Afya Duniani: kwa mwanamke hatari huanza sentimeta 80 na huwa kubwa kuanzia 88, kwa mwanamume ni 94 na 102. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayoleta kisukari na presha. Ya mapajani hayana ugomvi sana na mtu. Mwanamume mwenye kitambi na BMI ya 26 anaweza kuwa na hali mbaya kuliko dada yake mwenye 29 na kiuno chembamba.

Mzani nao mjini hapa si shida. Upande wa Mlango Mmoja nilisimama siku moja nikamtazama kijana na mzani wake wa bafuni akimwita mama mmoja aliyekuwa akipita.

"Shikamoo mama. Panda upime, jero tu."

"Marahaba mwanangu. Huo mzani wako hauna fitina?"

"Hauna mama. Vua kandambili."

Akapanda. Sindano ikacheza, ikasimama. Mama akaitazama, akamkabidhi mwenzake mkoba, akaitazama tena. Ikawa imeshuka kilo nzima. Akalipa jero yake kwa furaha, na kijana akamwambia, "Umeona mama, tayari umeanza kupungua."

Kwa mia tano hiyo ni huduma nzuri, ilimradi ujue inachokupa. Mzani mmoja na wa pili barabarani inaweza kutofautiana kilo mbili au tatu, na mwili wenyewe hupanda na kushuka kilo moja kwa siku kutokana na maji na chakula. Atakayepima kila siku kwa kijana tofauti atapoteza fedha na amani. Pima mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili, mzani uleule, asubuhi, nguo nyepesi, mikono mitupu. Kamba rudia mwisho wa mwezi.

Turudi kwa mama wa kilo 86 tumpangie bei. Bidhaa ziko tatu. Ya kwanza ni asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake: kilo 4 hadi 6, afike 82 au 80. Ya pili ni asilimia 10, afike 77. Ya tatu ni ya bango, kilo 64.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye bidhaa ya kwanza. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, matokeo yake yakitolewa 2002, uliwachukua zaidi ya watu 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Walioingia kwenye kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Dawa ya metfomini ilipunguza kwa asilimia 31. Na kwa waliokuwa na miaka 60 na zaidi, mabadiliko ya maisha yalipunguza kwa asilimia 71. Kinachonifurahisha zaidi kwenye utafiti ule ni kufeli kwao: nusu tu ndio waliofikia asilimia 7 ndani ya wiki 24, na mwishoni walioishikilia walikuwa 38 kwa kila 100. Pamoja na hayo kundi zima lilifaidika kiasi hicho.

Presha nayo hushuka kama milimita moja kwa kila kilo inayoondoka. Na goti: mwaka 2005 watafiti waliowapima wazee wanene wenye maumivu ya magoti waliona kila kilo moja iliyopungua inaliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Anayeishi Mabatini, Igogo au Isamilo, anayepanda ngazi za mawe na dumu la maji kila jioni, apige hesabu hiyo mwenyewe. Kilo 5 ni mzigo wa kilo 20 uliotoka gotini, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni.

Bei ya bidhaa ya kwanza? Nusu kilo kwa wiki ni mwendo wa kutosha. Kilo moja kwa wiki ndiyo mwisho. Kwenye karatasi kilo 6 ni miezi mitatu. Katika maisha yenye misiba, harusi na Krismasi, weka miezi sita. Asilimia 10 inataka karibu mwaka na nidhamu zaidi, na inafaa kwa mwenye kisukari tayari au magoti yaliyochoka. Bidhaa ya tatu wachache sana huifikia, na wachache zaidi huishikilia. Gharama yake ya siri ni misuli. Mtu anapopungua kwa kula kidogo tu, karibu robo ya kilo zinazotoka si mafuta. Baada ya miaka 30 misuli hupungua yenyewe, asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 huenda kwa kasi zaidi. Ukikonda kwa pupa unaitoa misuli, kisha uzito ukirudi, na kwa kawaida hurudi, unaorudi mwingi ni mafuta. Unaishia na kilo zilezile na miguu dhaifu.

Kwa hiyo namwandikia mama yetu: kilo 80 kwanza. Akifika akae hapo miezi mitatu bila kuongezeka, ndipo aamue kama anataka 77. Bango la 64 alisalimie tu.

Sasa jikoni, ambako kupungua kunaweza kukuachia fedha mfukoni badala ya kuzichukua. Bei ninazotumia ni za mfano, karibu na za sokoni. Weka za kwako.

Chai. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni vijiko tisa. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4 hivi, kwa hiyo gramu 36 kwa siku, kilo nzima na ushee kwa mwezi. Mtu mmoja, kwenye chai peke yake! Kilo ya sukari ikiwa elfu 3, amekunywa elfu 3 kwa mwezi, na kalori 140 hivi kila siku. Soda ya mililita 350 ina sukari kiasi hichohicho, gramu 37, na bei yake kwa mwezi mzima ni mara kadhaa ya ile kilo ya sukari. Atakayeacha soda ya kila mchana na kushusha chai kutoka vijiko vitatu hadi kimoja amefanya kazi kubwa bila kuugusa ugali.

Mafuta ya kula ndiyo jambo nisiloliona likitajwa vya kutosha. Lita moja ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu watano inayotumia lita 8 kwa mwezi ikishuka hadi 5 inaondoa kalori 160 hivi kwa kila mtu kwa siku, na kwa lita ya elfu 6 inabakiza elfu 18. Njia ni ya kizamani: sato achemshwe kwa nyanya, vitunguu na ndimu badala ya kuzama kwenye karai, mafuta yapimwe kwa kijiko, chupa isimiminwe kwa macho. Sangara mwenyewe ana mafuta yake, hahitaji ya ziada. Chipsi mayai ya jioni ibaki ya siku ya mshahara.

Ugali sina vita nao. Wa mahindi au wa udaga, tatizo ni mlima wenyewe na kilichoko pembeni yake. Nusu ya sahani ikiwa mchicha, mlenda au kabichi, robo samaki au maharage, robo ugali, umemaliza. Michembe na matobolwa ni chakula kizuri cha mtu mzima, ila ni wanga uleule. Ukila matobolwa saa kumi, ugali wa usiku upungue.

Kwa mtu mzima anayepungua, fedha iliyookolewa kwenye sukari na mafuta ina pa kwenda: protini, ili kuilinda misuli. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa mama yetu gramu 86 hadi 103, igawanywe milo yote mitatu. Asubuhi ya chai na maandazi mawili haitoi karibu chochote. Hapa wakazi wa ufukwe wa Ziwa Victoria tuna bahati tusiyoijua. Linganisha gharama ya gramu 20 za protini. Dagaa wakavu kwa elfu 8 kilo: konzi moja, kama shilingi 300. Maharage kwa 3,500 kilo: shilingi 320. Mayai, trei likiwa elfu 10: mayai matatu na kitu, 1,100. Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa kwa elfu 12: 1,200, na maziwa hayako mbali na hapo. Sato mzima kwa elfu 12 kilo, ukishatoa kichwa, magamba na miiba: karibu 2,400.

Sato ni mtamu, wala sikatazi mtu. Ila anayedhani kula vizuri ni kula sato kila siku, halafu akashindwa na kurudi kwenye mkate, ameangalia meza isiyo yake. Dagaa analiwa na mifupa yake, kwa hiyo unapata na madini ya chokaa, ambayo mifupa ya mama aliyekoma hedhi inayadai. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba bei yao hufuata mwezi wa angani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika na bei hupanda. Nunua gizani, hifadhi kwenye debe kavu. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja kuliko wa mchangani. Bei imezidi kidogo lakini hupotezi nusu saa ukiosha mchanga, wala huvunji jino. Wale wa kukaangwa kwenye pakiti ni bidhaa nyingine kabisa, mafuta yao ni mengi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumuuliza daktari wake.

Mazoezi yana udanganyifu wake wa bei, kwa sababu watu wengi huyanunua kwa lengo la kupungua. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, nchini kwetu hapa. Watu wale huwinda, huchimba mizizi na hutembea kutwa. Walipopimwa nguvu yote ambayo mwili hutumia kwa siku, haikuzidi ile ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini, ukishazingatia ukubwa wa miili yao. Mwili hujibana kwingine. Maana yake kwa mkazi wa Nyakato ni hii: kilo hutolewa jikoni. Kutembea kunakupa moyo, usingizi, sukari iliyotulia na miguu ya kupandia kilima cha Bugando. Ni faida kubwa, ila usiidai kilo ambazo haikuahidi.

Kuhusu aina ya mazoezi, utafiti wa 2017 wa wazee wanene 160 unasaidia kuchagua. Wote waliopunguza chakula na kufanya mazoezi kwa miezi sita walipoteza karibu asilimia 9 ya uzito. Waliofanya mazoezi ya pumzi, kama kutembea kwa kasi, peke yake walipoteza asilimia 5 ya mwili usio mafuta, yaani misuli na wenzake. Walionyanyua vitu vizito asilimia 2. Waliochanganya yote mawili asilimia 3, na hao wa mchanganyiko ndio waliotoka wakiwa na uwezo mzuri zaidi wa kutembea na kuinuka. Kwa hiyo joging ya Jumamosi haitoshi. Jimu za mjini hulipiwa makumi ya maelfu kwa mwezi, na kama unaenda kweli, fedha haijapotea. Lakini dumu la lita 5 la mafuta ya kula likijazwa maji lina kilo 5 kamili, na unalo moja kila mkono. Kaa kwenye kiti cha plastiki kilichoegemea ukuta, inuka bila kushika, mara kumi, pumzika, rudia. Nyanyua madumu. Simama kwa mguu mmoja huku ukishika meza. Mara mbili au tatu kwa wiki, gharama sifuri. Aliyepita miaka 65 asiuache huo mguu mmoja, maana kuanguka ndiko kunakovunja nyonga.

Tukija kwenye njia za mkato, hapo ndipo fedha nyingi huteketea. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwenye mabasi na kwa simu, ukisoma vizuri pakiti nyingi ni sanamaki. Utaharisha, mzani utashuka kilo mbili, nazo ni maji. Kwa anayekunywa vidonge vya presha vya kukojoza ni hatari, kwa sababu anapoteza chumvi za mwili pande mbili. Vidonge na kahawa "za asili" vina historia mbaya zaidi: sibutramini ilitolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi, na tangu hapo imeendelea kunaswa nchi mbalimbali ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazojiita za mitishamba. Mwenye presha wa miaka 60 ndiye asiyepaswa kabisa kuigusa. Mamlaka ya dawa, TMDA, wana ofisi Mwanza; bidhaa isiyosajiliwa kwao iache hapohapo, hata kama anayekuuzia ni mdogo wako wa kanisani aliyejiunga na kampuni jana.

Sindano za kupunguza uzito ni suala tofauti, maana zinafanya kazi. Semaglutaidi, kwenye utafiti wa 2021, ilipunguza karibu asilimia 15 ya uzito katika wiki 68. Walioacha walirudishiwa theluthi mbili ya kilo zao ndani ya mwaka. Kwa maneno ya mnunuzi, huinunui, unaipanga kwa mwezi, na bei ya orodha ya Marekani mwaka 2024 ilizidi dola 900 kwa mwezi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya sindano bandia za Ozempic, jina la kibiashara la semaglutaidi, zilizonaswa nchi kadhaa. Ya mkononi isiyo na cheti cha daktari wala jokofu, usiiguse. Kuna pia puto linalowekwa tumboni, huduma ambayo Hospitali ya Muhimbili Mloganzila inaitoa. Hukaa miezi kadhaa kisha hutolewa, na kwa mtu wa Mwanza ongeza nauli na malazi ya Dar es Salaam, kwenda na kurudi. Kwa mwenye BMI ya 40 na kisukari kisichoshikika, mazungumzo hayo yana maana. Kwa mama wa kilo 86 ni kutuma lori kubeba ndoo.

Gharama moja haina risiti. Ukipungua Mwanza, watu wanasema. Kizazi kilichozika ndugu kwa UKIMWI miaka ya tisini hakijasahau kukonda kulimaanisha nini, na mpaka leo mtu akishuka kilo 15 kwa haraka jirani huuliza kwa sauti ya chini kama ana ngoma. "Umenenepa" bado ni pongezi kwenye harusi. Nimesikia wanawake wakisema waziwazi kwamba waliacha kwa sababu ya hayo maneno. Hii nayo ni sababu ya kuchagua kilo 5 kwa miezi sita: hazimshtui mtu. Na waambie wa nyumbani mapema, shemeji na mawifi wakiwemo.

Kabla ya kugusa ugali, anayetumia dawa za kisukari za glibenklamidi au insulini aonane kwanza na daktari wake. Dozi iliyopangwa kwa sahani ya zamani inaweza kumshusha sukari kupita kiasi kwa sahani mpya, na mzee ambaye sukari imemshuka usiku huenda asiamke. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa kilo zikishatoka. Aliyetimiza miaka 60 na hana uwezo ana haki ya matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali kwa mujibu wa sera. Aulizie dirisha la wazee, aende na kitambulisho chake.

Wako pia ambao lengo lao ni kuongeza, nao hawakumbukwi. Bibi wa miaka 74 aliyekuwa na kilo 55 na sasa ana 52 bila kutaka amepoteza zaidi ya asilimia 5. Ikitokea ndani ya miezi sita au mwaka, asisifiwe kuwa mwepesi. Apelekwe hospitali, Sekou Toure au kituo kilicho karibu, akapimwe kifua kikuu, sukari, virusi vya UKIMWI na saratani, na aulizwe kuhusu meno, upweke na nani anampikia. Majibu yakitoka salama, uji wake utiwe vijiko viwili vikubwa vya karanga za kusaga, asubuhi na jioni. Hizo ni kalori 380 za ziada kwa siku, kwa gharama isiyozidi ya soda. Kama meno yamekwisha, dagaa watwangwe wawe unga na waingie kwenye mboga.